Pazia la moshi: kisa cha ozoni ya chini nchini Marekani, 1997 hadi 2003

Mwezi Julai 1997 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, linalojulikana kwa herufi EPA, lilikaza kiwango cha ozoni kinachoruhusiwa katika hewa ya kuvuta. Kiwango cha awali, cha mwaka 1979, kilikuwa sehemu 120 katika bilioni kwa wastani wa saa moja. Kipya kikawa sehemu 80 katika bilioni kwa wastani wa saa nane. Chama cha wenye malori, American Trucking Associations, kikafungua kesi pamoja na chemba ya biashara na majimbo kadhaa, yakiwamo Ohio, Michigan na West Virginia. Hoja zao nyingi zilikuwa zile zilizozoeleka: gharama ni kubwa mno, viwanda vitafungwa, watu watakosa kazi. Lakini ndani ya lundo hilo ilikuwamo hoja moja ya aina nyingine kabisa. Walisema ozoni hiyo hiyo inayounguza mapafu huzuia pia miale ya jua inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Ukiipunguza unamwokoa mwenye pumu, lakini kuna mwingine unayemwacha juani.

Wapo wanaokitaja kisa hiki kama mfano wa ujanja wa mawakili wa viwanda. Mimi nakichukulia kwa uzito, maana swali lenyewe lilikuwa halali na EPA ililijibu vibaya mwanzoni. Jibu sahihi lilikuwapo muda wote ndani ya hesabu ambayo shirika halikutaka kuifanya mbele ya watu. Na wakati pande zote mbili zikivutana juu ya jua, mgongano mwingine wa kiafya, ambao kwa maoni yangu ni mzito zaidi, ulipita bila kusikika sana.

Gesi moja, mahali pawili

Ozoni ni atomi tatu za oksijeni zilizoshikana. Asilimia 90 hivi ya ozoni yote iko juu sana, katika stratosfia, na huko ndiko inakochuja miale ya urujuanimno. Iliyobaki iko chini, na sehemu yake ndogo tu ndiyo iliyo kwenye hewa ya mjini tunayoivuta. Hii ya chini haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari wala dohani la kiwanda. Jua ndilo linaloipika, kutokana na oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye injini na mitambo ya umeme, zikikutana na mivuke ya petroli, rangi na viyeyushi vya viwandani. Ndiyo maana inakuwa mbaya zaidi mchana wa kiangazi, jua likiwa kali na upepo umetulia. Wala haipandi juu kwenda kuziba palipotoboka kwenye tabaka la stratosfia. Huvunjika ndani ya siku au wiki chache, kabla ya kufika mbali huko.

Madhara yake kwa mapafu yamethibitishwa kwa watu wenyewe. Katika maabara ya EPA iliyoko Chapel Hill, North Carolina, vijana wenye afya njema waliingizwa katika chumba ambacho hewa yake ilipimwa kwa uangalifu. Walifanya mazoezi dakika 50 za kila saa, wakapumzika dakika 10, wakala chakula cha mchana mle mle, kisha wakaendelea. Jumla ilikuwa saa sita na nusu na ushei, karibu sawa na siku ya kazi ya mtu anayebeba mizigo nje. Kila baada ya muda walivuta pumzi hadi mwisho na kuitoa kwa nguvu zote ndani ya kifaa, na kilichopimwa ni kiasi cha hewa kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa ozoni ya sehemu 80 tu katika bilioni, pumzi ile ilipungua kwa asilimia kadhaa kwa wastani, na kwa baadhi yao ilipungua kwa zaidi ya asilimia 20. Wengine walikohoa na kusikia maumivu kifuani walipovuta pumzi ndefu. Kumbuka kwamba hawa walikuwa vijana wazima. Mtoto mwenye pumu hangeweza kuwekwa mle kwa jaribio la namna hiyo, lakini mtoto huyo ndiye anayekimbia uwanjani saa tisa alasiri, wakati ozoni iko kileleni.

Majaribio haya yalikuwa nguzo kubwa ya kiwango cha 1997, na ndiyo yaliyofanya wastani wa saa nane uchukue nafasi ya saa moja: pumzi fupi ya ozoni nyingi ilikuwa tatizo, lakini siku nzima ya ozoni ya wastani nayo ilikuwa tatizo.

Sheria ilivyosema

Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 inamtaka mkuu wa EPA aweke viwango vinavyohitajika kulinda afya ya umma, pamoja na nafasi ya kutosha ya usalama. Haitaji gharama popote katika kifungu hicho. Kabla ya hapo, kifungu kingine kinaagiza shirika likusanye sayansi ya karibuni kuhusu athari zote zinazotambulika ambazo uwepo wa kichafuzi hicho hewani unaweza kuleta kwa afya au ustawi wa umma. Neno lililoleta shida ni "zote".

Mwaka 1995, miaka miwili kabla ya kiwango kutangazwa, mwanasayansi kutoka Wizara ya Nishati, yaani kutoka serikali hiyo hiyo ya Rais Clinton, aliwaeleza washauri wa kisayansi wa EPA kwamba kupunguza ozoni ya chini kungeongeza saratani za ngozi na mtoto wa jicho. EPA, chini ya mkuu wake Carol Browner, haikuingiza jambo hilo katika uamuzi wake. Ilipofikishwa mahakamani ilisema kwamba sheria inazungumzia madhara ya kichafuzi, basi faida yake, kama ipo, haihusiki.

Hapa ndipo naona shirika liliteleza. EPA hiyo hiyo ilikuwa imetumia miaka mingi kuwaeleza Wamarekani kwamba gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zinakula tabaka la ozoni, na kwamba kila kipande cha tabaka kinachopotea ni wagonjwa wa saratani ya ngozi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, unaozibana gesi hizo, umesimama juu ya hesabu hiyo. Huwezi kuhesabu miale ya jua unapoizungumzia ozoni ya juu, kisha ukatae kuihesabu unapoizungumzia ya chini. Miale haijui imezuiwa kwenye kilomita ya 25 au kwenye kilomita ya kwanza.

Mei 1999 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa mjini Washington, Stephen Williams, Douglas Ginsburg na David Tatel, walitoa hukumu. Williams hakuwa mgeni wa fikra hizi. Mwaka 1991, katika kesi ya usalama kazini, alikuwa ameandika kwamba kanuni ghali mno inaweza yenyewe kugharimu maisha, kwa sababu pesa inayotumika kuitekeleza ingeweza kuwapa watu chakula bora, tiba na makazi. Safari hii mahakama haikwenda mbali kiasi hicho. Ilichora mstari ambao naona ni wa busara. Gharama hazihesabiwi, hilo lilishaamuliwa mwaka 1980 katika kesi ya kiwango cha madini ya risasi hewani. Afya ya wafanyakazi watakaopoteza ajira kwa sababu ya kanuni nayo haihesabiwi; hilo liliamuliwa mwaka 1990. Lakini kivuli dhidi ya miale ni athari ya ozoni yenyewe ikiwa hewani, na hivyo imo ndani ya neno "zote". Ni ajabu, mahakama ilisema kwa maana hiyo, kwa sheria ya afya kulifunga shirika litazame nusu tu ya athari za kitu kimoja. EPA ikaagizwa irudi ikapime.

Sehemu nyingine ya hukumu ile, iliyodai kwamba Bunge lilikuwa limempa mkuu wa EPA madaraka yasiyo na mipaka, ilifika Mahakama ya Juu na kutenguliwa Februari 2001, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Antonin Scalia. Hiyo ndiyo inayofundishwa katika vyuo vya sheria. Suala la miale halikupelekwa huko, kwa hiyo agizo la kwenda kupima likabaki palepale.

Tupige hesabu

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Chukua ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako, kuanzia ardhini hadi mwisho wa anga, ishushe hadi usawa wa bahari na ikusanye ikiwa peke yake. Itafanya tabaka la unene wa milimita 3 hivi. Sasa chukua hewa chafu ya mji kuanzia barabarani hadi kilomita moja juu, kisha ipunguzie ozoni kwa sehemu 10 katika bilioni. Kilomita moja ni milimita milioni moja, na sehemu 10 katika bilioni za milimita milioni moja ni milimita 0.01. Umetoa moja ya mia tatu ya pazia. Miale inayounguza ngozi huongezeka kwa uwiano unaokaribiana na huo, tuseme asilimia 0.3 au 0.4.

Shirika la Afya Duniani linasema miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 au zaidi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anayehama Mombasa kwenda Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, anajiongezea mara arobaini au zaidi ya kile tunachokizungumzia hapa. Asilimia 0.4 ni kama kupanda mita 40, yaani kuhamia ghorofa ya kumi na kitu.

Hata hivyo asilimia ndogo ikizidishwa kwa watu wengi haibaki ndogo, na waliopinga kanuni walikuwa na haki ya kulisema hilo. Wakati ule Wamarekani zaidi ya milioni moja kwa mwaka walikuwa wakigunduliwa na saratani za ngozi zisizo melanoma, ile aina inayoua zaidi. Miale ikiongezeka kwa asilimia moja, saratani hizo huongezeka kwa zaidi ya asilimia moja. Basi ukidhani kwamba punguzo la sehemu 10 linamfikia kila Mmarekani, kila mahali, kila siku ya mwaka, kwa maisha yake yote, utapata maelfu ya wagonjwa wapya kwa mwaka. Nyingi za saratani hizi hutibika, lakini mtu aliyekatwa kipande cha pua hatakubali uziite jambo dogo.

Tatizo ni lile neno "ukidhani". Kiwango cha ozoni hakipunguzi kila siku. Kinatazama siku ya nne kwa ubaya katika mwaka, kwa wastani wa miaka mitatu, kwa hiyo kazi yake ni kukata vilele vya kiangazi katika miji iliyozidisha. Siku za kawaida ozoni inaweza kubaki ilivyo, na saa nyingine ikapanda. Tena miale ya jua huwa kali zaidi adhuhuri, ilhali ozoni ya mjini hufikia kilele alasiri. Saratani ya ngozi hujengwa na jua la miongo mingi, na hutegemea zaidi kama mtu anavaa kofia, anafanya kazi shambani au ofisini, anakwenda ufukweni mara ngapi. Mawingu na vumbi navyo huzuia miale, na hubadilika zaidi kuliko ozoni ya chini inavyobadilika.

Upande wa pili wa mizani, kipimo hicho hicho cha sehemu 10 kilikuja kupata jibu lake mwaka 2004, katika utafiti wa miji 95 ya Marekani uliochapishwa na jarida la chama cha madaktari cha nchi hiyo. Ozoni ilipopanda kwa sehemu 10 katika bilioni katika wiki iliyotangulia, vifo vya siku kwa ujumla vilikuwa juu kwa takriban asilimia 0.52. Hivyo ni vifo, achilia mbali waliolazwa na waliokimbizwa hospitali usiku kwa pumu. Kwa punguzo lile lile, upande mmoja una miale iliyoongezeka kidogo kwa wakati usioeleweka vizuri, na upande mwingine una watu wanaokufa wiki hiyo hiyo.

EPA ilitoa pendekezo la jibu lake mwishoni mwa 2001 na uamuzi wa mwisho Januari 2003: haiwezekani kuunganisha kwa uhakika mabadiliko ya ozoni ya chini na mabadiliko ya miale inayowafikia watu, na hata ukijaribu, uzito wake haubadilishi kiwango. Sehemu 80 zikabaki. Jibu hilo nalikubali. Linaloniudhi ni kwamba lingeweza kuandikwa mwaka 1997, kwa kurasa zile zile, na kiwango kingekwenda mahakamani kikiwa na hoja moja pungufu ya kushambuliwa. Shirika lilihofia kwamba kukiri athari hata ndogo kungewapa viwanda fimbo ya kulichapa. Kilichowapa viwanda fimbo ni ule ukimya.

Nani anabeba nini

Kuna jambo ambalo jumla za wagonjwa hazionyeshi. Nchini Marekani saratani ya ngozi huwapata zaidi weupe, hasa wenye umri mkubwa. Pumu inawaelemea zaidi watoto weusi na wenye asili ya Puerto Rico, wengi wao wakiishi mijini. Ukisema "tuache ozoni kidogo iwakinge watu na jua", unamwomba mtoto wa familia fulani atumie mapafu yake kuwa mwavuli wa mzee wa familia nyingine. Na mzee huyo ana mwavuli wa dukani. Ana kofia, ana mafuta ya kuzuia jua, ana kivuli, anaweza kuchagua saa ya kutoka. Hakuna saa ambayo mtoto anaweza kuchagua kutovuta hewa. Mizani ya mahakama haikuwa na mahali pa kuweka tofauti hiyo, na EPA nayo haikuisisitiza ipasavyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua sura ya madhara ya jua kwa karibu. Watu wenye ualbino nchini Tanzania, ambako idadi yao kwa uwiano ni miongoni mwa kubwa duniani, hupata saratani ya ngozi mapema mno. Kinachowasaidia kinajulikana: kofia pana, nguo za mikono mirefu, uchunguzi wa mara kwa mara, na mafuta ya kuzuia jua kama yale yanayotengenezwa mjini Moshi kwa ajili yao hasa. Hakuna daktari wa ngozi atakayewaambia wakakae karibu na barabara yenye foleni ili moshi uwafunike.

Mgongano uliopita kimya

Sasa nije kwenye ule niliosema ni mzito zaidi. Ozoni ya mjini ina tabia inayoshangaza. Gesi ya oksidi ya nitriki inayotoka kwenye bomba la lori la dizeli huila ozoni iliyo jirani na kuwa dioksidi ya nitrojeni. Katikati ya mji wenye malori mengi, ozoni inaweza kuwa chini kuliko vitongojini. Ukiondoa sehemu tu ya malori, ozoni ya hapo inapanda. Wakazi wa eneo la Los Angeles waliliona hili kwa miaka mingi: Jumamosi na Jumapili malori yalipungua barabarani, na ozoni ikawa juu kuliko siku za kazi. Mwaka 2020, magari yalipozuiwa kwa ajili ya korona, miji mingi ya Ulaya na China iliona vivyo hivyo.

Kwa hiyo mkazi wa kandokando ya barabara kuu anaweza kuishi miaka kadhaa ya mpito akivuta ozoni zaidi, huku vitongoji vilivyo upande unakoelekea upepo vikipata nafuu kwanza. Kwa upande wake naye anapata dioksidi ya nitrojeni pungufu na masizi ya dizeli pungufu, ambayo yote ni sumu kwa mapafu. Huu ni mgongano wa kweli wa afya kwa afya, unapimika, una mitaa yenye majina, na dawa yake inajulikana: kukata oksidi za nitrojeni kwa kiasi kikubwa badala ya kidogo kidogo, na kukata ile mivuke ya petroli na viyeyushi wakati huo huo. California ilifuata njia hiyo, na tofauti ya wikiendi ikaanza kupungua.

Lakini kwa mstari uliochorwa mwaka 1999, mgongano huu hauingii kwenye chumba cha kuweka kiwango, kwa sababu unatokana na namna ya kupunguza uchafu, na si athari ya ozoni ikiwa hewani. Unaangukia kwenye mipango ya majimbo. Huko kuna kifungu kilichoongezwa kwenye sheria mwaka 1990, kinachoruhusu eneo lisamehewe masharti ya oksidi za nitrojeni likionyesha kwamba kuzipunguza hakutalisaidia. Eneo likisamehewa, oksidi hizo hazipotei. Husafiri na upepo, hukutana na mivuke njiani, na kupika ozoni katika wilaya au jimbo la jirani. Kiwango kilishuka tena hadi 75 mwaka 2008 na 70 mwaka 2015, baada ya Rais Obama kulirudisha pendekezo la kukishusha mwaka 2011 akitaja mzigo wa kanuni kwa uchumi uliokuwa bado ukijikongoja. Katika kila hatua watu walibishana juu ya namba. Swali la nani atavuta hewa ya miaka ya mpito liliamuliwa jimbo kwa jimbo, katika vikao ambavyo wakazi wa kando ya barabara kuu mara nyingi hawakuwamo.